Juisi ya Dirisha la Nne

Nyumba ya tatu, nyuma ya karakana ya useremala,
Ghorofa ya kwanza.
Jumapili, tarehe 19.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Najua utaitikia hata kama bado umenikasirikia, kwa hiyo naendelea.

Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema daktari amekuruhusu kupanda ngazi, lakini moja moja, kama bibi harusi. Natumaini sasa unapanda kama mtu mwenye haraka zake. Na shemeji, kikohozi kimemwachia? Mwambie asiache kufunga kifua asubuhi, hata akijiona kijana. Kifunguamimba wako ameshamaliza mitihani? Kila siku nikiamka namtaja.

Sisi huku miili ni mizima. Nimesema miili.

Nimeamua kukuandikia badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu wewe ni mkubwa wangu, na mkubwa akisema "hebu nyamaza kwanza" mdogo hunyamaza. Karatasi hainikatizi. Isome mpaka mwisho, Dada, kisha useme unalotaka.

Alhamisi ulinipigia. Hukuniuliza kilichotokea. Ulisema tu, "Mdogo wangu, nyumba haivunjwi kwa kikombe cha juisi." Nikajibu, "Ndiyo, Dada," nikakata simu, nikabaki nimesimama jikoni huku sufuria ikiungulia mbele yangu. Hapo nikajua Baba Chiriku amenitangulia kwako. Amekusimulia yake, na kwa kuwa yeye hasemi sana, ukaona lazima ni kweli. Sasa pokea na yangu.

Unakumbuka Chiriku aling'olewa meno manne kwa mkupuo akiwa na miaka mitano. Daktari wa meno alinitazama juu ya miwani akasema, "Mama, mtoto wako hali chakula. Anakula sukari na anasindikizia na chakula." Niliona aibu, Dada. Mtoto wa wafanyakazi wa bustani ya michezo halipi kiingilio, na kila dirisha la chakula lina shangazi yake. Huyu anampa barafu ya rangi, yule aiskrimu iliyoanza kuyeyuka, na mimi mama mtu niko nyuma nakaanga chipsi na soseji tangu saa tatu asubuhi. Baba yake, fundi wa mitambo, yuko juu ya gurudumu kubwa la kuzungusha watu, spana mkononi. Tulikuwa tunamlea kwenye foleni.

Nilianza vibaya. Nilipiga marufuku kila kitu kwa siku moja, kama serikali mpya. Chiriku akajibu kwa mgomo: siku mbili hakula ila ndizi, na mdomo ule usiofungwa hata akiwa usingizini ukafungwa. Ndipo nikabadili mwendo. Nikaanza kwenda naye sokoni achague mwenyewe mboga tatu, hata zikiwa za ajabu. Nikampa kisu butu akate matango. Nikaacha kumwambia "kula hii nikupe ile", maana niligundua kuwa ukimlipa mtoto pipi kwa kula maharage, umemfundisha kwamba maharage ni adhabu. Na nikajiwekea sharti moja: sitamficha kitu ndani ya chakula, wala sitamdanganya. Kama ni karoti, ni karoti. Akikataa leo, tutaonana kesho.

Ilichukua karibu mwaka. Lakini siku moja nilimkuta amekaa chini ya meza anatafuna karoti mbichi kama sungura aliyelipwa mshahara, na hakuna aliyemwambia ale. Nililia. Baba yake alinicheka, akanifuta machozi kwa mkono wenye grisi, nikabaki na alama shavuni kutwa nzima.

Basi tamaa ikanipanda. Nikasema, kama imewezekana kwa huyu mbishi, kwa nini isiwezekane kwa wale wanaopita mbele yangu kila Jumamosi na baba zao na mama zao? Wazazi hawapendi kuwalisha watoto mafuta na sukari kutwa nzima. Wamechoka tu, jua kali, mtoto analia, na madirisha yote matatu yanauza kitu kilekile kwa rangi tofauti. Nikamwendea meneja ofisini. Unamjua kwa simulizi zangu, yule mpole wa sauti, asiyekukatalia kitu, anakupa tarehe. Nikamwomba dirisha la nne. Akasema, "Miezi mitatu. Watoto wakilikimbia, tunalifunga."

Hakuna kazi niliyowahi kuipenda kama ile. Nilipaka dirisha rangi ya kijani mwenyewe. Nikachoma kuku, nikachemsha mahindi na mayai, nikakata karoti na matango kwa duara nikayaita magurudumu, maharage machanga nikayaita reli. Kila mtoto alipewa kijiti achomeke mwenyewe anavyotaka: gurudumu, reli, kipande cha embe, gurudumu. Mtoto akijitengenezea chakula, hakitupi. Baba mmoja alikaa nusu saa akimsubiri mwanawe amalize kujenga treni ya matunda, kisha akaniambia hajawahi kumwona ametulia kiasi kile nje ya kitanda.

Kilichogoma ni juisi. Nilitengeneza ya karoti, tango, ndimu na tangawizi kidogo, bila sukari, ili kiu isiwe sababu ya soda. Wiki za mwanzo waliitema. Mmoja alionja, akanitazama kwa huruma, akaniuliza kama ninaumwa. Jioni nilikuwa naimwaga kwenye karo, Baba Chiriku akinisubiri mlangoni tuende nyumbani. Aliona kila siku ninavyoimwaga.

Halafu wiki ya tano juisi ikaisha kabla ya adhuhuri. Wiki ya sita ikaisha mara mbili. Watoto walikuwa wanawaacha wazazi kwenye vigari vya kugongana wanakimbilia dirisha la kijani. Dirishani anauza shoga yangu, mimi niko jikoni nyuma, nasaga karoti mpaka viganja vyangu vimekuwa vya njano, naimba. Ndiyo wiki ile niliyokupigia nikakwambia, "Dada, ndimi za watoto zinafundishika!" Ukanipongeza. Ukasema umewaambia mpaka majirani zako.

Wakati huo ndipo mwalimu alipoanza kuja. Ni mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, mama wa binti mmoja wa miaka tisa mwenye kisukari. Binti mwenyewe mwembamba, mcheshi, anajichoma sindano mbele za watu kama anayejikuna. Mwalimu aliniuliza juisi ina nini, kipimo kwa kipimo. Nilifurahi, Dada. Katika wazazi wote, huyu ndiye aliyeuliza swali la mpishi. Nikachukua karatasi nikamwandikia: karoti kiasi hiki, tango kiasi hiki, ndimu, tangawizi, maji. Chini nikaandika kwa herufi kubwa: HAKUNA SUKARI. Nikaibandika dirishani ili na wengine wasome. Yeye akaipiga picha kwa simu yake. Tangu hapo kila Jumamosi binti yake na Chiriku walikuwa pacha, huku kwenye farasi wa mbao, huku kwenye treni, wakipokezana kikombe.

Sasa nafika.

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita jua lilikuwa kali sana. Saa nane hivi nikaitwa kwamba binti wa mwalimu ameanguka karibu na bembea. Nilimkuta amelala kwenye benchi, midomo imekauka, anatapika, anapumua kama aliyekimbizwa. Mama yake alikuwa anampima sukari. Alisema binti alilalamika kiu tangu asubuhi, amekwenda chooni mara nyingi sana, na kwa kuwa ana kiu alimwacha anywe. Alikunywa nini? Juisi yangu. Vikombe vinne. "Si haina sukari," alisema, na alisema akinitazama mimi.

Niliingia nao kwenye gari la kwanza lililokubali. Hospitalini daktari kijana aliuliza amekula nini, amekunywa nini. Mwalimu akamwonyesha ile picha. Daktari akanigeukia: "Wewe ndiye mpishi? Una hakika?" Dada, nilinyoosha mkono. Niliapa. Nilisema, "Naapa mbele ya Mungu, hakuna hata punje." Daktari akamgeukia mtoto, yule mtoto aliyekuwa hawezi hata kuinua kichwa, akamuuliza kwa upole kama kuna pipi alizokula mama asizozijua. Mtoto akatikisa kichwa. Mama yake akafumba macho. Sikuelewa kwa nini alifumba macho. Nilikuja kuelewa baadaye.

Walipomwingiza ndani nikarudi bustanini kufunga jiko. Nilipita mbele ya dirisha langu, si nyuma nilikozoea. Sijui hata ni kwa nini. Koo lilikuwa limenikauka, nikachukua kikombe, nikafungua bomba la mtambo wa kupozea juisi, nikanywa.

Ilikuwa tamu, Dada. Haikuwa tamu ya karoti. Ilikuwa ile inayogandisha meno.

Nikainua kitambaa kinachofunika chini ya kaunta. Palikuwa na galoni la sharubati nzito, ile ile wanayomwagia barafu za rangi, na mpira mwembamba umetoka humo ukaingia ubavuni mwa mtambo. Umefungwa vizuri sana. Kibano kimekazwa, kiungo hakivuji hata tone, na mpira umepitishwa nyuma ya mguu wa meza usionekane. Kazi safi. Kuna mtu mmoja tu katika bustani nzima anayefunga mpira hivyo, na hata nyumbani kwangu bomba la jikoni limefungwa hivyo hivyo.

Shoga yangu anayeuza dirishani, yule niliyemtafutia mimi mwenyewe ile kazi, alikuwa anafuta kaunta. Nikamuuliza, "Hii ni nini?" Akashangaa kweli kweli. "Mbona unaniuliza mimi? Nilidhani unajua. Si Baba Chiriku ndiye aliyefunga?"

Nilimkuta chini ya gurudumu kubwa, ovaroli imeshushwa mpaka kiunoni, anapaka grisi. Sikupaza sauti. Nilimuuliza tu, "Ni lini?"

Hakujifanya hajui. Hilo nampa. Aliweka kopo la grisi chini akasema, "Wiki ya nne. Meneja alitaka kufunga dirisha hata kabla ya ile miezi mitatu. Alisema ama juisi iwe tamu ama rangi yako ya kijani ifutwe Jumatatu."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema nitafunga mpira."

"Hukusema utaniambia."

"Ulikuwa unarudi nyumbani umeinama, Mama Chiriku. Kila jioni unamwaga juisi kama unazika mtu. Halafu ghafla ukaanza kuimba. Ningeanzaje kukwambia? Wewe ungeweza?"

Dada, usiku na mchana nalirudia swali lile, maana aliliuliza kwa upole. Angekuwa amefanya kwa chuki ningejua pa kuiweka. Alifanya kwa kunipenda, na mapenzi yake yakawa ni kunitazama kila jioni nikisimulia ushindi wangu mezani, na yeye anakula, anaitikia, "Hongera mke wangu." Wiki nne. Mtu anayejua kuwa unacheza ngoma uchi, anakupigia makofi.

Kumbe hayo hayakuwa yote. Nilipogeuka, Chiriku alikuwa amesimama pale kwenye uzio, amesikia. Akaanza kulia kabla sijamgusa. Akasema, "Mama, mimi sikusema. Baba alisema ni siri yetu, kwa sababu ukijua utalia."

Alijua, Dada. Alimwona baba yake akifunga mpira, akaonja, akaona ni tamu, akauliza. Na baba yake akamfundisha kunyamaza. Mtoto ambaye kwa ajili yake mwaka mzima nilijinyima hata ile hila ndogo ya kusaga mchicha ndani ya supu, ili tu ajue kwamba kwenye chakula cha mama hakuna uongo. Alikuwa anakunywa ile sukari na rafiki yake kwenye kikombe kimoja, anarudi nyumbani, ananitazama machoni.

Nikamwambia Baba Chiriku kitu kimoja: "Twende hospitali. Daktari anatafuta sababu na mimi nimeapa uongo. Twende ukaseme kwa mdomo wako." Alivaa shati. Tulikwenda. Kufika langoni akasimama. Akasema tutajiharibia, meneja atajua, kazi zote mbili zitakwenda. Akasema na mtoto si ameshapata dawa, maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia mlango ni huu hapa. Akasema, "Nenda wewe, wewe unajua kuzungumza." Akabaki nje karibu na muuza magazeti, mikono mifukoni.

Hapo ndipo, Dada. Ule mpira huenda nilikuwa nimeshaanza kuusamehe njiani, ndani ya basi, kwa sababu nilimwona anavyosaga meno. Lakini lile lango sijaweza kulivuka mpaka leo.

Niliingia peke yangu. Nikamwambia daktari, nikamwambia mwalimu. Nilijiandaa kupigwa. Mwalimu hakunipiga wala hakupaza sauti. Alisema: "Ile karatasi yako ndiyo niliyopimia sindano zake. Jumamosi nne mfululizo sukari yake ilikuwa inapanda. Nikamwambia anaiba pipi. Akakataa. Nikamwita mwongo. Nilimpekua mfuko wa shule, nikampekua mpaka chini ya godoro. Jumamosi iliyopita nilimchapa." Akaendelea: "Mwanangu alikuwa anasema kweli, na mimi nilikuamini wewe."

Ningeweza kusema na mimi nilidanganywa, na ni kweli. Lakini mwandiko ulikuwa wangu.

Siku iliyofuata, Jumapili, nilisimama langoni mwa bustani tangu saa mbili asubuhi na kipande cha boksi nilichoandika: JUISI YA DIRISHA LA NNE INA SUKARI NYINGI. MIMI NILIYEISIFIA NDIYE NINAYESEMA. Nilimwambia kila mzazi aliyepita. Usidhani walinibeba mabegani. Mama mmoja aliyekuwa akija kila wiki alinitukana hadharani, na alikuwa na haki. Baba mmoja alicheka akasema sukari kidogo haijawahi kumuua mtu, akambeba mwanawe akaenda moja kwa moja dirishani. Wengi walinikwepa, unavyomkwepa mtu anayezungumza peke yake barabarani. Wachache walishukuru.

Meneja alikuja mwenyewe mpaka langoni. Hata siku ile hakupaza sauti. Alisema, "Sisi hatukumlazimisha mtoto yeyote. Watoto walipenda." Kisha akaniambia nikachukue aproni yangu. Kufikia Jumatano dirisha lilikuwa limepakwa rangi nyekundu, wanauza barafu.

Baba Chiriku bado anakwenda kazini. Kila asubuhi anavaa ovaroli, ananiaga, naitikia. Sijamnyima chakula wala salamu. Nimehamia chumba cha Chiriku, hilo ni kweli, lakini sijafunga sanduku kama pengine alivyokwambia. Sikumwambia naondoka. Nilimwambia hivi: siku utakayokwenda kwa mwalimu kwa miguu yako, ukasema "mimi ndiye niliyefunga," rudi tuketi tuzungumze kama mume na mke. Nyumba ya mwalimu iko mitaa miwili kutoka hapa. Siku kumi na tano zimepita. Badala ya kutembea mitaa miwili, ameona rahisi kupiga simu kuvuka mipaka na kukulilia wewe.

Binti wa mwalimu alitoka hospitali siku ya tatu, namshukuru Mungu. Wiki iliyopita nilimpeleka Chiriku kumwona, nikabeba na bakuli la supu. Mwalimu alitufungulia, hakutukaribisha viti, na sikutarajia. Watoto walitazamana. Yule binti akamuuliza, "Ulijua ni ya sukari?" Chiriku akasema, "Nilijua ni tamu. Niliambiwa nisiseme." Binti akafikiri, akasema, "Mimi nilisema, na sikuaminiwa." Mama yake akageukia dirisha. Tuliondoka muda si mrefu. Mwalimu hajanisamehe, na nadhani kila Jumamosi hukumbuka kwa nini. Lakini juzi alinirudishia bakuli langu la supu likiwa limeoshwa, nami nikachukulia kwamba waliinywa.

Dada, nina jambo moja la mwisho, na hili ni lako.

Alhamisi kabla hujazungumza na mimi ulizungumza na Chiriku. Ulimuuliza kama mama na baba wanalala chumba kimoja, kama mama anampikia baba. Kisha ukamwambia, "Usimwambie mama nimekuuliza." Aliniambia Ijumaa asubuhi, tukiwa tunamenya viazi. Alianza kwa kusema, "Mama, nina siri nyingine," na uso wake ulikuwa wa mtu mzima mwenye deni.

Wewe ndiye uliyenilea baada ya mama kututoka. Wewe ndiye uliyenifundisha kuonja chumvi kwa ncha ya ulimi. Najua ulifanya kwa wema, kama yeye alivyofanya kwa wema. Lakini nimeshiba wema wa namna hiyo. Nakuomba, nikiwa mdogo wako, nimepiga magoti hata kama huoni: mtoto wangu usimpe tena kitu cha kunificha. Ukitaka kujua nyumba yangu ikoje, niulize mimi. Nitakujibu hata yenye aibu. Na Baba Chiriku akikupigia tena usimgombeze wala usimbembeleze. Mkumbushe tu kuwa ni mitaa miwili.

Nimepata kazi ya kupika kwenye shule ya watoto wadogo, kuanzia mwezi ujao. Mwalimu mkuu aliniuliza kwa nini niliacha kazi ya kwanza, nikamweleza yote, nikadhani nimejifungia mlango. Akasema nianze kwa majaribio, na kwamba wazazi wataruhusiwa kuingia jikoni saa yoyote. Nikamwambia hilo ningeliomba mimi.

Leo asubuhi nimemmiminia Chiriku maji ya kunywa, maji ya kawaida, kutoka kwenye ndoo ile ile ya siku zote. Ameshika kikombe kwa mikono miwili, akakinusa. Kisha akanitazama, si kwa ubishi, kwa adabu kabisa, akaniuliza, "Mama, ni maji tu?" Nikasema ni maji tu. Hakunywa. Alikuwa ananisubiri. Basi nikakichukua kikombe, nikanywa nusu mbele yake polepole, nikamrudishia. Ndipo akanywa.

Nisalimie shemeji na kikohozi chake, kifunguamimba na wadogo zake wote, na yule jirani yako mshonaji aliyenishonea gauni la kipaimara cha mwanao. Wale majirani uliowaambia kuhusu ndimi za watoto, waambie na hili lililofuata. Mungu alinyooshe goti lako, aiweke nyumba yako katika kweli, na atukutanishe tukiwa bado tunaweza kutazamana usoni.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata leo,

Mama Chiriku